Mbio Zangu Mpaka kwa Mwoka Mikate

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu leo. Mzito, mweupe, umeshuka mpaka kizingitini mwa duka. Nikawasha pasi, nikatandika shuka la kwanza mezani, na mvuke ulipopanda sikujua tena ndani ni wapi na nje ni wapi. Saa kama hizo mimi huelea. Mke wangu husema nafumba macho nikipiga pasi. Uongo. Nafumba moja tu.

Basi wakapita wakimbiaji. Lile kundi la mtaa, la fulana za njano. Hawakuwa na miguu! Ukungu umewala kuanzia magotini, wanateleza hewani, wawili wawili, polepole. Mke wangu alikuwa dirishani anashona kifungo cha mteja. Akasimamisha sindano. Akawatazama mpaka wakaisha wote. Akasema, kama mtu anayezungumza na kioo, kwamba watu hawa wanapendeza.

Wanapendeza! Mimi nimemuoa nikiwa bado na nywele. Watoto tumewalea, wakakua, wakaenda kwao. Duka hili la udobi tumelisimamisha pamoja, mimi kwenye pasi, yeye kwenye vifungo. Lakini sindano hajaisimamisha kwa ajili yangu tangu sijui lini. Roho iliniuma. Nikaunguza foronya.

Mchana akaja shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, na ndiye kiongozi wa hilo kundi. Nadhani hata kuoga huoga na filimbi shingoni. Kaleta gunia la fulana zao nizifue. Akanigonga tumbo kwa kidole kama anayebisha hodi, akauliza humo ndani kuna nani. Mke wangu akacheka. Nikasema, bila kufikiri, kwamba kesho naanza kukimbia.

Shemeji akapaliwa na mate. Mke wangu akaacha kucheka, akanitazama. Kwelikweli alinitazama! Nikimwona ananitazama hivyo kila asubuhi, sitaki kitu kingine duniani.

Jumanne, 4 Juni

Niliota nakimbia juu ya meza ya pasi isiyo na mwisho. Kitambaa cheupe mbele yangu mpaka macho yanapoishia. Sina uzito. Sihemi. Mke wangu amekaa mahali fulani kule mbele, na sindano imesimama.

Asubuhi nikatoka shoti. Mke wangu mlangoni ananipungia mkono. Mwanzo safi. Kufika kwa fundi redio, mapafu yakagoma. Kufika konani, magoti nayo yakajiunga na mgomo. Nikapiga kona nisionekane, nikaegemea mlango wa kwanza nilioukuta. Ukafunguka. Nikaingia mzimamzima.

Kumbe mlango wa nyuma wa mwoka mikate. Bwana mkubwa, mpole, nyusi nyeupe kwa unga. Akauliza nani ananifukuza. Sikuwa na pumzi ya kujibu. Akanionyesha magunia ya unga kando ya tanuri. Nikajitupa.

Jamani, magunia yale! Yanakukumbatia. Joto linakuja ubavuni taratibu, harufu ya mkate inakufunika mpaka kichwani, na moto unanong'ona mambo yake yasiyokuhusu. Nikauchapa usingizi. Na humo usingizini nilikimbia vizuri mno.

Niliamka kwa hofu. Mkavu! Mkimbiaji gani anarudi mkavu? Lakini kichwa hiki hakikuumbwa kwa ajili ya kofia tu. Nikaomba kikombe cha maji, nikajipaka usoni, kifuani, makwapani. Mwoka mikate alinitazama, akanijazia kikombe tena. Mtu wa heshima sana.

Mke wangu alinipokea kwa taulo, mikono miwili. Akauliza baba watoto umefika wapi. Nikasema kwenye tangi la maji, kule kilimani. Akashika mdomo. Sikupanga kusema tangi. Lilitoka lenyewe, na lilikuwa tamu.

Alhamisi, 6 Juni

Mambo yamekaa sawa. Nimekubaliana na mwoka mikate: mimi nampigia pasi aproni zake, yeye ananiachia magunia. Maji ya kikombe nimeyaacha, ni ushamba. Sasa natembea na ile chupa ya kunyunyizia nguo kabla ya pasi. Inatoa matone madogo, ya kawaida kabisa, ukiniona utasema huyu katoka jasho la kufa mtu. Na navaa fulana ya njano. Naichukua kwenye kamba yetu, kati ya zile za kundi, naifua tena nikirudi. Dobi lazima ajue nguo inavyotembea.

Kikwazo kimoja. Leo mke wangu kaniona na unga mgongoni, kuanzia mabegani mpaka chini kabisa. Akaupangusa, akaunusa, akauliza. Nikamwambia huu ni unga wa wakimbiaji, unazuia kuchubuka. Akauliza mbona uko mgongoni. Nikasema upepo. Nikikimbia kasi sana unaruka nyuma.

Kisha akauliza je, siku moja anaweza kuja na mimi?

Moyo paa! Nikasema mbio ni jambo la mtu na roho yake, hazitaki kampani. Akasema sawa. Akarudi kwenye vifungo vyake. Uso wake ulikunjika kidogo, kama kola iliyokunywa maji, na sikuupenda. Ili kumfurahisha nikampa mafunzo ya bure: kwamba anayeanza asikurupuke, aende mwendo wa kuweza kuongea, akichoka atembee, asione aibu, kesho aongeze kidogo. Sijui niliyatoa wapi. Yalikuja tu, pamoja na mvuke. Alisikiliza kila neno. Nilijisikia profesa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudi kutoka "tangini" nikakuta nyumba tupu! Nimelowa vizuri, nimejipangia kuhema kwa namna mpya, halafu hakuna wa kunitazama. Nikanyunyiza tena nisikauke. Akaingia baadaye sana, uso unang'aa, kanga ya kichwa imelegea, anahema kwelikweli. Akasema alikwenda kununua uzi.

Uzi uko wapi? Hana. Akasema duka limefungwa.

Nina mashaka. Mwanamke anatoka na ukungu, anarudi anang'aa. Anakwenda kuwatazama wale wa fulana za njano, hakuna lingine! Mimi natoka jasho la chupa kwa ajili yake, yeye anakodolea macho jasho la watu wengine. Nimenuna mchana kutwa. Hakugundua. Alikuwa anaimba.

Halafu suruali zangu zinakataa kufunga. Mwoka mikate ana tabia ya kuniwekea skonzi karibu na gunia, ya moto, kwa wema tu. Mke wangu ameipanua ile suruali ya kijivu bila kuuliza. Kasema tu kwamba labda ni misuli.

Jumatano, 12 Juni

Shemeji amekuja na macho ya polisi. Kasema sifa zangu zimefika mbali, lakini katika kundi lake zima hakuna aliyewahi kukutana na mimi kule kilimani. Hata mara moja. Napita upande gani? Nikasema napita mapema. Ukungu ukiwa mzito. Akasema wao pia hupita mapema. Nikasema mimi huwa nimeshashuka.

Akatikisa kichwa. Akasema basi Jumapili kuna mbio za wanaoanza, watu wapya watakuwa wengi, na mimi nije nikimbie nao, mtaa wote uone. Mke wangu aliinua macho kutoka kwenye kifungo. Macho yale yale ya siku ya kwanza. Angeniomba niruke tangi lenyewe ningeruka. Nikasema nitakuja!

Kisha shemeji akaeleza mambo mengi. Kundi lina desturi yake, wanaoanza huwa hawampiti mtu fulani, na kuna fulana mpya ataileta Jumamosi nipige pasi, na atakayejipa moyo ataichukua, na nini na nini. Sikusikiliza yote. Mvuke ulikuwa mwingi na mke wangu alikuwa ananitazama bado.

Mpango upo tayari. Naanza nao. Konani, ukungu utakuwa umenimeza. Napiga kona, tanurini, nalala. Wakirudi nawasikia, natoka, nanyunyiza, naungana nao mwishoni. Nani atajua? Nimeufikiria pande zote na sijaona tundu.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia stoo ya sabuni. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Nianze mwanzo. Asubuhi nikaenda kwenye kamba kuchagua fulana. Sisi madobi nguo hatuisomi mgongoni, tunaisoma shingoni. Kila fulana nimeitia uzi wa rangi kwa ndani, huu wa fulani, huu wa fulani. Leo kila uzi una mwenyewe, na mwenyewe atakuwepo! Ila moja haikuwa na uzi. Mpya. Niliipiga pasi jana ikiwa imegeuzwa ndani nje, ndivyo zinavyopigwa zenye maandishi, wino usije ukashika pasi. Nikajisemea, isiyo na uzi haina mtu. Nikaigeuza, nikavaa hapo hapo gizani, ukunguni, nikatoka.

Kufika uwanjani, shemeji akaniona. Akazunguka nyuma yangu. Akarudi mbele, macho yamelowa. Akanikumbatia! Akasema alinidhania vibaya, kumbe mimi ni mwanamume. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja mwembamba, mwenye viatu vipya vyeupe, akanishika mkono akasema roho yake sasa imetulia. Nikawaza, jamani, umaarufu wangu! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Na mke wangu alikuwepo, amevaa fulana ya njano! Nilidhani amekuja kutazama tu. Viatu vyake havikuwa vipya. Soli zimelika. Nilitaka kuuliza, lakini filimbi ikalia.

Wenye kasi wakatoweka na shemeji wao. Nikabaki na wanaoanza. Kitu cha ajabu: hakuna aliyenipita. Nikipunguza, wanapunguza. Nikasimama kukohoa, wakasimama wote, mmoja akakohoa pia. Nikasema moyoni, watu wa mtaa huu wana adabu sana. Ukungu ulikuwa umetufunika, nyayo zikilia pwata pwata pande zote, na kwa dakika chache nilisahau kabisa kwamba nina mpango. Nilikuwa kama niko ndotoni, juu ya kitambaa changu cheupe.

Kona. Mguu niponye! Nikachomoka, nikapenya mlangoni, nikajitupa kwenye gunia langu, nikafumba macho. Joto. Moto unanong'ona. Nimefaulu!

Nikasikia nyayo. Nikajua ni ndoto. Nikafumbua jicho moja.

Wanaingia. Mmoja mmoja, fulana za njano, wanahema, wanajipanga ukutani kwa utaratibu. Karani mmoja mnene akauliza kwa heshima kama hapa ndipo pa kunyoosha viungo au tunapumzika kwanza. Yule bibi wa viatu vyeupe akaketi kwenye gunia la jirani yangu, akajinyoosha, akasema maisha yake yote aliogopa mbio, lakini kama mbio zenyewe ndizo hizi, atakuja kila wiki. Mwoka mikate akawatazama wote, akanitazama mimi, akaenda kuongeza skonzi.

Mke wangu aliingia wa mwisho. Alikuwa amebaki nyuma kuwasukuma waliochoka. Akanikuta nimelala chali, chupa ya kunyunyizia imenidondoka kando. Akaitazama chupa. Akanigeuza ubavu kama anavyogeuza shuka kutafuta doa, akasoma mgongoni kwangu, kwa sauti: NIFUATE.

Sasa ndipo yakanirudia maneno ya shemeji, yote, moja moja. Fulana ile ni ya anayewaongoza wanaoanza. Hakuna kumpita, hakuna kumwacha, popote aendapo. Na mimi nilikwenda kulala.

Shemeji aliwasubiri kilimani mpaka ukungu ukaisha na jua likatoka. Akaja kututafuta, akatukuta tuna skonzi mdomoni. Hakunitukana. Aliipuliza filimbi mara moja, kidogo tu, kama mtu anayepumua, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jioni

Mke wangu kagonga mlango wa stoo, nikafungua. Akaketi juu ya ndoo, mimi juu ya gunia la sabuni, ambalo halikumbatii mtu. Nilingoja kelele. Akaongea polepole.

Akasema alianza kesho yake baada ya mimi kumkatalia. Mimi nikitoka, yeye anafunga kamba za viatu na kunifuata. Hakutaka kunipita. Alitaka tu anifikie, aniguse bega, nigeuke nimwone. Akafika konani, sipo. Akasema lo, mume wangu ana kasi! Kesho yake akaenda mbali kidogo kama nilivyomfundisha, akichoka anatembea, sipo. Keshokutwa akapanda kilima akihema kwa machozi mpaka chini ya tangi. Sipo. Akakaa hapo, mtaa wote uko chini yake umefunikwa na ukungu, akasema moyoni, huyu keshapita, keshashuka. Na kule juu, peke yake, alijivunia mimi.

Nililia. Nasema wazi hapa kwa sababu hakuna wa kunisoma. Sikulia kwa aibu ya mikate. Nililia kwa sababu alinitafuta kilima kizima na mimi nilikuwa nimelala.

Nikamuuliza, basi siku ile dirishani, ulikuwa unamtazama nani? Akasema hakuwa anatazama mtu. Alikuwa anatazama wanavyokwenda wawili wawili, wanaongea. Akasema sisi siku hizi hatuongei, kuna mvuke kati yetu kutwa.

Kisha akasema Jumanne tunatoka wote, mpaka kwenye lango la shule, basi. Na chupa ibaki nyumbani.

Jumanne, 18 Juni

Nimekimbia!

Nimekimbia kweli, kwa miguu yangu hii. Ukungu ulikuwepo lakini mwembamba, unapitisha jua. Mke wangu alikwenda mwendo wa kuongea, na aliongea. Kwa fundi redio kifua kikaanza kubana, akaniambia tutembee, tukatembea, sikuona aibu. Konani nilisikia harufu ya mkate ikiniita. Nikajikaza kisabuni. Mwoka mikate alikuwa amesimama mlangoni. Alipoona napita, napita kweli, akapiga makofi, unga ukaruka juu kama wingu.

Mbele ya hapo sijawahi kufika kwa mbio. Mtaa wenyewe ulikuwa mpya. Miti ilinijia yenyewe kutoka kwenye weupe, mmoja mmoja, ikanisalimu ikaenda zake. Mke wangu alinieleza mambo ya mtoto wetu wa pili ambayo sikuyajua. Nilimwambia kuhusu ile ndoto ya meza ya pasi. Akacheka mpaka akashika nguzo. Lango la shule lilitokea ghafla, nikaligusa kwa mikono miwili. Mapafu yaliwaka moto, nami sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Mke wangu alinitazama. Sikuwa nimejinyunyizia hata tone.

Nimeapa mbele ya lango: hila basi. Mimi ni mtu mpya.

Alhamisi, 20 Juni

Magoti yanauma. Mapaja yanauma. Hata masikio yanauma, sijui yalihusika vipi.

Mke wangu ana furaha mno. Kasema lango la shule tumeliweza, Jumapili tunakwenda mpaka darajani. Darajani! Kule ambako hata posta haifiki bila kulalamika. Nikasema bila shaka mpenzi, tena nilikuwa naona lango ni karibu sana.

Mchana nikapita huko kwa miguu, kukagua barabara tu. Kabla ya daraja kuna karakana ya seremala. Nje, chini ya kibanda, kuna kochi analolitia magodoro mapya. La kijani. Springi zake hazilii. Kibanda kinatazama mto, na asubuhi, kasema, ukungu hujaa humo mpaka usione mkono wako. Nimezungumza naye kiume. Ana mashati mengi yaliyokunjamana, maskini. Nimemwambia alete yote.

Mke wangu sitamdanganya tena, hilo limekwisha. Nitamwambia tu kamba ya kiatu imefunguka, tuketi kidogo hapa nifunge. Kochi ni la watu wawili. Nimelipima kwa futi yangu ya dukani, na tunatosha.